Mnara wa Ukumbusho Kando ya Mto Chambeshi

Msafiri atokaye Mpika kwenda Kasama, kaskazini mwa Zambia, hana budi kuvuka mto Chambeshi. Hiyo ni nchi ya Wabemba, wakulima wa ulezi na mihogo. Akiisha kuvuka daraja, ataona mnara wa ukumbusho na mzinga wa zamani. Mnara huo ulimalizika kujengwa mwaka 1953, wakati nchi ilipokuwa ikiitwa Rodesia ya Kaskazini.

Vita vilivyoanza mwaka 1914 vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini habari hiyo ilikuwa haijafika Chambeshi. Jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amevuka mto Ruvuma mwaka 1917 na kuingia nchi ya Wareno. Mwaka uliofuata alirudi kaskazini, kisha akaingia Rodesia, na askari wa King's African Rifles wakimfuata nyuma. Tarehe 14 Novemba 1918, kando ya mto huu, alipata habari ya kukoma kwa vita kutoka kwa Hector Croad, hakimu wa Kasama. Tarehe 25 Novemba aliweka silaha chini katika mji wa Abercorn, ambao leo huitwa Mbala. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100.

Maandishi ya mnara yanawataja kwa majina jemadari na hakimu. Wapagazi hawakutajwa kwa majina, na hali bila wao majeshi yote mawili yasingaliweza kwenda hata mwendo wa juma moja. Reli zilikuwa mbali, na mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe. Kwa hiyo chakula na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu. Tena mpagazi naye hula, na kadiri safari ilivyozidi kuwa ndefu, ndivyo wapagazi walivyohitajiwa kuwa wengi zaidi. Wengi walikufa, na waliouawa na kuhara, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa: Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, yatokanayo na jina la Kiingereza la kikosi chao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au pengine hawakukumbukwa kabisa.

Jambo hilo si la Wabemba peke yao. Nyumba nyingi za Kenya nazo zilitoa vijana waliokwenda na mizigo wasirudi. Mawe hayakuyahifadhi majina yao. Yalihifadhiwa na vinywa vya wazee, na mzee akifa huenda nayo. Basi aliyesikia jina la jamaa yake kwa mzee, pamoja na kijiji alikotoka, na aliandike leo.