Medali ya Fedha

Siku niliyorudi na medali, mama alikuwa uani anakaanga vitumbua. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaichukua, akaipimapima kiganjani kama mtu anayenunua embe.

"Hii ndiyo fedha?"

"Ndiyo mama, medali ya fedha. Nafasi ya pili, mkoa mzima."

Akanitazama kidogo. "Haya mwanangu, kesho nenda nayo dukani utuletee mchele."

Tulicheka, hata wapangaji wenzetu wakacheka. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Kiswahili chetu kimeyapa madini na pesa jina moja, na mimi nilikuwa nimeipata fedha moja na kuikosa ya pili.

Ngumi nilizianza nikiwa chuo cha ufundi, nasomea umeme. Tulikuwa vijana tisa na glavu jozi nne. Begi letu la kupiga lilikuwa turubai tulilolijaza vipande vya nguo kutoka kwa mafundi cherehani. Nilipomaliza chuo kazi ya umeme haikupatikana, basi nikaingia Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kuuza viatu vya mtumba. Alfajiri nakimbia hadi Jangwani na kurudi, mchana nasimama juani na viatu mikononi, jioni nakwenda klabu. Hizo ndizo ngumi za ridhaa, ndugu msomaji: unapigwa kwa hiari yako, na nauli unajilipia mwenyewe.

Sisemi kwamba ridhaa haina heshima. Mwaka 1970 Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, akarudi na medali ya fedha. Mwaka 1998 Michael Yombayomba akachukua dhahabu Kuala Lumpur. Kocha wetu aliwataja hao wawili kila tulipolalamika njaa. Ila hadithi ya Edinburgh hakuwahi kuimaliza, niliimalizia mwenyewe baadaye. Mwingereza aliyemshinda Simba katika fainali ile, John Conteh, aligeukia ngumi za kulipwa, na mwaka 1974 akawa bingwa wa dunia wa WBC. Nilipolijua hilo niliona kama kocha alikuwa akitupa nusu ya chakula.

Kisha ikaja Septemba 2018. Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alikwenda Birmingham akamshinda Sam Eggington katika raundi ya pili, tena nyumbani kwao Uingereza. Jumatatu yake Mtaa wa Kongo haukuwa na habari nyingine. Video ilizunguka kwenye simu, watu wakiacha biashara wakaitazama mara tatu, mara nne. Kila kijana aliyewahi kuvaa glavu alijiona yuko ndani ya ndege. Na mimi nilijiona.

Mwaka uliofuata promota akanifuata pale pale mtaani. Alinikuta na mteja. Nilikuwa nimeanzia elfu ishirini na tano, mteja elfu nane, tukavutana robo saa nzima tukakutana kwenye elfu kumi na tano. Promota akasubiri, anatabasamu. Mteja alipoondoka akaniambia, "Dogo, pambano la utangulizi, raundi sita, laki tatu."

Nikasema sawa.

Sikuongeza neno. Mimi niliyetoka kubishana robo saa kwa ajili ya ngozi ya viatu, nilikubali bei ya kwanza ya ngozi yangu mwenyewe. Niliona haya. Nilidhani bondia anayeuliza pesa atadhaniwa mwoga.

Kocha nilipomweleza alisema, "Subiri. Kuna mchujo wa timu ya taifa." Nikamwuliza, "Kocha, nasubiri huku nakula nini?" Hakujibu. Alinishika mkono akaanza kunifunga bendeji, akanifunga taratibu kuliko siku zote.

Watu wengi wanadhani tofauti ya ridhaa na kulipwa ni ile kofia ya kukinga kichwa. Siyo. Kwa kanuni za kimataifa wanaume wakubwa waliiacha tangu mwaka 2013, hata kwenye ridhaa. Tofauti nilizokutana nazo ni nyingine. Fulana unavua. Kwa uzito wangu wa kilo 60, glavu zinashuka kutoka aunsi 10 hadi aunsi 8, na aunsi mbili hizo utazijua zikitua shavuni. Kwenye ridhaa unapimwa uzito asubuhi ya siku ya pambano. Kwenye kulipwa unapimwa siku moja kabla, kwa hiyo watu wanajikausha maji wapate kilo, halafu wanakula na kunywa usiku kucha. Mtu uliyepeana naye mkono kwenye mizani siye utakayemkuta ulingoni.

Lakini kubwa kuliko yote ni muda. Ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu. Miaka yote ile mwili wangu ulikuwa umefundishwa kuhesabu hadi tatu.

Basi nikapanda. Raundi ya kwanza nikampiga yule bwana, ya pili nikampiga, ya tatu nikamwaga kila nilichokuwa nacho. Kengele ilipolia, kwa mazoea, nikainua mikono nikisubiri mwamuzi anite katikati. Watu wa viti vya mbele wakacheka. Kutoka kona nikasikia sauti, "Bado! Njoo ukae!" Nikatazama upande wa pili. Mwenzangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, anapumua kwa pua, ametulia kama mtu anayesubiri basi. Ndipo nilipoelewa kwamba muda wote ule alikuwa akinisubiri mimi niishe.

Raundi ya nne na ya tano nilipigwa. Ya sita siikumbuki. Sikuanguka, na kwa miaka kadhaa nilijivunia hilo, kumbe kutoanguka ndiko kulikonifanya nipigwe zaidi. Majaji wote watatu walimpa yeye.

Usiku ule nilipewa bahasha yenye laki moja na nusu. "Iliyobaki njoo Jumatatu." Jumatatu nilizokwenda ni nyingi, mwisho nikaacha kuzihesabu.

Ningeweza kuyasahau hayo yote. Lisilosahaulika lilitokea Jumatano, nilipokuwa nimerudi kwenye viatu na jicho limevimba. Dada mmoja alinunua viatu vya elfu kumi na mbili, akanipa noti ya elfu kumi huku akitafuta mbili kwenye pochi. Nami nikamrudishia elfu mbili. Akazitazama, akanitazama. "Kaka, umelala?" Nikacheka. Mchana ule ule nikafanya tena. Jioni mama akaniagiza nimwite mtoto wa jirani, mtoto niliyembeba mgongoni, na jina lake nikalitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mama aliona. Hakusema kitu. Alichukua sahani yangu akaiosha mara mbili.

Hali ile ilidumu karibu wiki mbili. Ilipoondoka niliogopa zaidi, maana sasa nilijua nilichokuwa nimekiuza. Mguu ukiuma unachechemea na watu wanakupa pole. Kichwa kikiuma hivi, wewe mwenyewe ndiwe wa mwisho kujua.

Siku zile nilifikiria sana jina la mahali niliposimama. Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi walikufa njiani. Migongo yao ilipangiwa bei na mtu mwingine, na wengine hawakuulizwa hata kama wanauza. Mimi nilikuwa nimeulizwa, nikajibu sawa.

Miezi michache baadaye akaja promota mwingine. Laki tatu na nusu, raundi sita. Safari hii nilimchukulia kama mteja. Nikamwambia: raundi nne, laki sita, nusu niipate kabla sijapanda kwenye mizani, na nipimwe kichwa kwanza. Akacheka. "Wewe nani, Mwakinyo?" Akageuka kuondoka.

Mtaa wa Kongo tuna mchezo wetu. Mteja akiondoka humwiti, unamwacha atembee. Anayetaka kweli atageuka kwenye hatua ya kumi. Nikahesabu. Kumi. Kumi na tano. Akapotelea kwenye watu upande wa Msimbazi. Hakugeuka.

Sikupigana tena. Kama nilikuwa na busara au nilijipandisha bei nisiyoifikia, mpaka leo sina jibu. Mwaka 2022 Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walipoleta medali za shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham ile ile, nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Nilipobaki peke yangu nikakumbuka neno la kocha, subiri, na wivu ukaniuma.

Machinga tuliondolewa barabarani mwaka 2021. Sasa natengeneza umeme kwenye nyumba za watu, jioni nashika pedi kwa vijana pale klabu. Mwezi uliopita dogo mmoja wa miaka kumi na tisa alinijia na karatasi ya promota, ameikunja ndani ya soksi.

"Kaka, nisomee."

Nilisoma. Raundi sita. Sikumwambia akatae. Kwao nako kuna mama, na mchele haununuliwi kwa ushauri wangu. Nilimrudishia karatasi, nikavua pedi.

"Mimi ndiye promota," nikamwambia. "Laki tatu, dogo."

"Sawa," akasema.

"Hapana. Tena. Laki tatu."

Akatazama chini. "Sawa, kaka."

"Tena."

Wenzake walikuwa wameshaanza kufungasha. Tukasimama pale mpaka giza likaingia, mimi namtajia bei, yeye anakubali, mpaka mara moja, kwa sauti ndogo, akauliza, "Unalipa lini?"