Staha na Arubaini

Amani iko juu katika Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza, penye msitu, chai na ukungu. Wenyeji wa huko wamezoea kuulizwa. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na baadaye wakaja wataalamu wa malaria na vioo vyao vya kupimia damu. Lakini damu hutoka kidoleni bila kumwogopa mtu. Neno si hivyo.

Neno ndilo lililotafutwa wilayani Muheza na jirani yake Korogwe mwaka 2011 na 2012, katika mradi wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, juu ya namna wanawake wanavyotendewa wakijifungua. Mradi ukaitwa Staha. Jina zuri, na huenda lina kina kuliko walivyokusudia waliolichagua. Kustahi ni kuheshimu. Kustahi pia ni kuona haya. Yule anayestahili staha ya mkunga ndiye huyo huyo ambaye staha yake mwenyewe humfunga kinywa.

Basi aulizwe nani, na aulizwe akiwa wapi? Walichaguliwa waliojifungua katika vituo vinane, wakahojiwa siku ya kuruhusiwa kwenda zao. Walikuwa 1,779, na asilimia 19 hivi walisema walidhalilishwa: kupuuzwa, kukemewa, kutishwa kwa maneno. Kisha 593 miongoni mwao wakafuatwa majumbani, baada ya majuma matano hadi kumi. Safari hii ikawa asilimia 28.

Msomaji wa pwani atayatambua majuma hayo. Ni arubaini, au baada yake kidogo. Mzazi amekandwa, amekunywa uji wake wa pilipili manga, mtoto ametolewa nje. Siku ile ya kutoka hospitali alikuwa angali mgeni katika nyumba ya watu. Amepewa mtoto hai, na sauti iliyomkemea imo chumba cha pili. Atasema nini ila shukrani? Nyumbani kwake uchungu wa mwili umekwisha, na uchungu mwingine, ambao Kiswahili kimeupa jina lile lile, umepata nafasi ya kuzungumza.

Mradi ulitunga pia mkataba wa huduma baina ya wananchi na wahudumu, na uchunguzi uliorudiwa mwaka 2015 ulikuta udhalilishaji umepungua sana pale ulipotumika. Hilo ni jema, nalo lisemwe.

Ila orodha iliandikwa mlangoni pa kituo. Mwaka 2010 kiasi cha nusu tu ya watoto wa Tanzania walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 81. Mwanamke aliyekemewa kwa mtoto wa kwanza, akaapa, akamzaa wa pili nyumbani mlimani huku mvua ikinyesha, hakuwa na mlango wa kuhojiwa akitoka.