Kijiwe na Raba

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Simbu kachukua dhahabu! Nimewasha simu saa kumi na moja alfajiri, kabla sijavaa raba, nikakuta makundi yote ya WhatsApp yanapiga vigelegele. Marathoni ya mashindano ya dunia, Tokyo: saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros kaandikiwa muda uleule, kaachwa kwa sehemu tatu za mia ya sekunde. Watu wamekimbia kilomita 42 na ushei, wakaja kutenganishwa na picha ya mstarini. Tanzania haijawahi kupata dhahabu ya riadha ya dunia mpaka leo. Nimekwenda Daraja la Salender na kurudi kama ninayefukuzwa na Petros mwenyewe.

Ofisini, katikati ya makaratasi ya forodha, nilishinda nikipanga maneno ya jioni. Muda wote huu nawaomba wale wa kijiweni tukimbie pamoja na wananitania. Leo, nikasema, watakosa la kujibu. Nimefika, nimemwamkia Mzee wa Kahawa, nimeanza. Askari wa JWTZ, mtoto wa Singida, umri miaka 33. London 2017 alipata shaba. Aprili mwaka huu kawa wa pili Boston. Wamenisikiliza kwa adabu zote. Wamempongeza. Fundi kasema serikali impe nyumba, Boda kasema nyumba na gari. Nami nikaona ndiyo saa: "Basi Jumapili na sisi tuanze, kilomita mbili tu."

Mwalimu kashusha kikombe. "Ya nini tena? Simbu keshatukimbilia wote."

Wamecheka mpaka kahawa imemwagika. Kisha tumerudi kwenye Simba na Yanga.

Jumatano, 17 Septemba

Mzee wa Kahawa ana nadharia yake, na nakiri ni ngumu kuivunja. Anasema watu wa Pwani hawakuumbiwa mbio. Filbert Bayi, Karatu. John Stephen Akhwari, Mbulu. Simbu, Singida. "Nitajie mmoja wa Bagamoyo, mwanangu." Nimetafuta kichwani mpaka kashata imeisha mkononi. Sikumpata.

Lakini kumsikiliza mzee huyu akimsimulia Bayi ni raha. Mwaka 1974, Christchurch, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Anasema walikaa kwenye redio mtaa mzima. Bayi hakusubiri mtu: alitoka mbele tangu bastola ilipolia, akabaki mbele mpaka mwisho, dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Mzee anapofika hapo hunyanyua birika juu kama ndilo kombe. Mwaka uliofuata Bayi akavunja na rekodi ya maili, kule Kingston.

Nikamwambia: mzee, kule juu hewa ni nyepesi, anayekulia huko damu yake inazoea kubeba hewa zaidi, ndiyo maana wanatoka wengi. Sisi hatuendi Tokyo. Tunakwenda Salender. Akasema hata Salender kuna daladala.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo nimejaribu njia ya afya. Nilisoma mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani: mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali. Nimewagawia hesabu: dakika 30, siku tano, basi. Nimetaja presha, nimetaja sukari, nimetaja duka la dawa pale kona ambako mashine ya presha ipo na wengi wetu tunaipita kwa kuangalia upande wa pili.

Hakuna aliyebisha. Wote wametikisa vichwa. "Kweli kabisa." "Mazoezi ni muhimu sana." Wakaagiza kahawa nyingine. Mtu anayebisha bado yumo kwenye mazungumzo. Huyu anayekubali upesi anataka yaishe.

Fundi peke yake kasema kitu: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hunitupia methali hiyo kila anaponiona na bukta. Nadhani anaifurahia zaidi kwa kuwa bukta yenyewe hakuishona yeye.

Tulipobaki wawili, Mwalimu kanieleza jambo ambalo sikulijua. Shuleni kwao mchakamchaka ulianza alfajiri kabla ya usafi, pekupeku, vumbi la baridi, na aliyechelewa mstari alipokewa na fimbo. Yeye nyumbani kwao palikuwa mbali, kwa hiyo alikimbia kwenda kwenye mbio, akachapwa, halafu akakimbia. Alipomaliza darasa la saba aliapa kwamba mbio na yeye basi. "Wewe ukisema kukimbia," kaniambia, "mimi nasikia mwanzi." Mtu huyu sasa ni mwalimu, na anasema hajawahi kumkimbiza mtoto wa mtu kwa adhabu.

Nimekwenda kulala nikiwaza kwamba nimekuwa nikimwuzia kitu ambacho aliwahi kupewa bure na hakukitaka.

Jumatano, 24 Septemba

Nikirudi alfajiri, jasho chapachapa, nimesimama kwa Mama Vitumbua kuchukua vya nyumbani. Nikamwambia: dada, Jumapili njoo tukimbie, tuna kikundi. (Kikundi chenyewe ni mimi.)

Hakuinua macho kwenye chuma. "Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Kuna ubaridi."

"Na hivi unavyokula atakuwa anakaanga nani?"

Kanihesabia huku anageuza kitumbua kimoja kimoja. Mchele unalowekwa mchana. Jioni unapelekwa mashineni. Usiku unga unaachwa uumuke, naye analala kidogo. Saa kumi mkaa unawashwa. Saa kumi na moja na nusu, hiyo saa yangu ya ubaridi, wateja wa daladala za kwanza wamesimama mbele yake wanataka chenji. Katikati ya hayo kuna watoto wawili wa kuamsha, kuogesha na kutafutiwa soksi. "Nyinyi wanaume mna alfajiri, kaka. Sisi tuna jiko."

Kisha kanipa la pili, ambalo nalo halikunipitia akilini hata siku moja. Mimi nikipita stendi gizani watu wanasema huyu mzee kapata wazimu, basi. Yeye akipita pale peke yake, saa ile, akiwa anakimbia, atasikia maneno ambayo hawezi kuyarudia mbele ya vitumbua. Akivaa suruali ni maneno. Akivaa dera ni maneno mengine. Barabara ninayoisifia mimi, kumbe tunaifahamu tofauti.

Nikauliza: ungepata muda, ungetaka? Kanyamaza mpaka chuma kizima kimeiva. Kasema jioni kama saa kumi na moja na nusu hivi anakuwa mwepesi kidogo, mchele ukiwa mashineni. Lakini si barabarani. Penye ukuta. "Na usiniletee habari za kupunguza mwili. Mwili huu ndio tangazo langu."

Vitumbua vimepoa nikiwa nimesimama palepale. Nimechelewa kazini.

Ijumaa, 26 Septemba

Sitasema tena kukimbia. Nimemwambia Mwalimu Jumapili twende tukanywe supu karibu na ufukwe wa Coco, tutatembea, na tukichoka kutembea tutachangamsha miguu kidogo. Kauliza supu ya nini. Ya kuku, na chapati. Kasema atafikiria. Kwa Mwalimu "nitafikiria" ni ndiyo iliyovaa tai.

Hapa niandike ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: siendi kumwokoa mtu. Ile barabara ya kuelekea baharini ni ndefu kwa mtu mmoja. Nataka wa kuongea naye.

Jumapili, 28 Septemba

Mwalimu kaja! Kavaa raba zile za siku ya michezo shuleni, na shati la kola. Boda naye kaja, ila kaja na pikipiki, "niwasindikize". Katusindikiza mita mia mbili, akapata abiria.

Nilimweleza Mwalimu utaratibu: dakika moja tunakimbia, mbili tunatembea, hivyo hivyo mpaka tufike. Hakusikia. Dakika ya kwanza alifyatuka kama anakimbilia mstari wa shule, na kabla hatujafika viwanja vya Leaders kichomi kimemkamata ubavuni, kainama, kashika ukuta wa watu. Nikamwambia atoe pumzi yote taratibu, abonyeze pale panapochoma, na tukianza tena aende kwa mwendo wa kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Hiyo ndiyo kanuni pekee ninayoifuata, na ni bora kuliko saa yoyote ya mkononi.

Sasa, kumwambia Mwalimu kwamba ataruhusiwa kukimbia kwa sharti la kuongea! Kutoka hapo mpaka baharini hakunyamaza. Mitaala, mikopo ya walimu, beki wa kushoto wa Yanga, shemeji yake. Alipokuwa anakatika pumzi katikati ya hoja alipunguza mwendo mwenyewe, maana hoja ilimuuma zaidi ya goti.

Kwenye Daraja la Tanzanite ikatukuta klabu moja ya joging. Fulana za rangi moja, vijana kwa akina mama wenye miili yao, mbele mtu na filimbi, katikati mwimbishaji, na wote wanaitikia kwa kishindo cha miguu. Nikageuka kumwambia Mwalimu tuwapishe, nikamkuta anaitikia. Midomo ilikuwa inakwenda yenyewe, na miguu imeshika mdundo. Aliitikia mpaka wakatupita. Kisha akaona ninamtazama, akakohoa, akarudi kwenye mikopo ya walimu.

Supu nimelipa mimi. Chapati nne kwa mtu mmoja.

Ijumaa, 3 Oktoba

Soko la Karume, raba za mtumba kwa Mwalimu. Muuzaji alisifia rangi. Mimi nikakunja soli, nikabonyeza kisigino, nikaangalia upande ulioliwa. Soli ikikunjika katikati kama chapati, achana nayo. Inatakiwa ikunjike karibu na vidole. Tumepata jozi nzuri, kubwa kidogo kuliko mguu wake, maana mguu huvimba njiani. Mwalimu kaibeba mpaka nyumbani bila mfuko, watu waione.

Jumapili, 5 Oktoba

Mimi na Mwalimu. Joto limeanza kuja mapema. Saa moja hewa ya bahari ilishakuwa nzito. Boda nimemwacha. Alfajiri ndiyo saa yake ya abiria wa stendi, na kila ninapomwita namwambia atupe nauli.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mwalimu kaongea na mwalimu mkuu wake, wamekubali tutumie uwanja wa shule Alhamisi jioni. Una ukuta pande zote, mlinzi yuko getini. Mama Vitumbua kaja na jirani yake na watoto wale wawili. Tracksuit ya bluu iliyopauka, mtandio umefungwa kisawasawa.

Nikaanza kumweleza dakika moja kukimbia, dakika mbili kutembea. Kaniacha nimalize. Halafu kaondoka. Mzunguko wa kwanza polepole, wa pili akanyoosha hatua, mikono haipiti mbele ya kifua, mabega yametulia. Mwalimu kaniuliza huyu kajifunza wapi. Jirani yake ndiye aliyejibu: michezo ya UMISSETA, mita 800, aliwakilisha wilaya akiwa sekondari.

Alipokuja kunywa maji nikamwuliza mbona hukuniambia. "Uliniuliza? Ulinikuta na vitumbua ukaniona kitumbua." Watoto wake walikuwa bado wanamtazama. Mdogo kauliza kama mama naye aliwahi kuwa mwanafunzi.

Kanirekebisha mimi mkao wa kichwa. Natazama chini sana, anasema, kama mtu aliyedondosha hela.

Jumapili, 12 Oktoba

Fundi nimemtoa kwenye hesabu, na sababu zake nimezikubali. Anatoka Mwananyamala kwa miguu kila siku na kurudi kwa miguu. Cherehani yake ni ya kukanyaga. "Miguu yangu inakimbia tangu saa mbili mpaka magharibi," kasema, "ila yenyewe inalipwa." Nimemtazama vifundo vyake vya miguu, nikaona sina cha kumfundisha.

Lakini leo, tunarudi kutoka supu, katuita. Kashona bukta. Hakuagizwa na mtu. Kitambaa chepesi, kiuno cha mpira na kamba, na mfuko wa nyuma wenye zipu, wa simu na hela ya supu, kwa sababu anasema amechoka kuniona nikikimbia nimeshika noti mkononi. Ya Mama Vitumbua ni ndefu mpaka chini na ina nafasi mapajani. Alikwenda kumpima mwenyewe.

Mwalimu kavaa yake palepale juu ya suruali na kuanza habari za Moshi: mbio za Kilimanjaro, mwishoni mwa Februari, wapo wa kilomita 42 na 21, lakini zipo na kilomita 5, na mbio hizo zipo tangu 2003, kwa nini sisi tusiende? Mama Vitumbua kauliza nauli ya basi na nani atakaanga siku hizo mbili. Hakupata jibu la lolote kati ya hayo, lakini kachukua bukta. Mzee wa Kahawa kasema tukifika Moshi tuangalie kama kuna mtu wa Bagamoyo.

Kisha Fundi kataja bei: elfu nane kila moja, zipu elfu moja zaidi. Mimi nimelipa. Mama Vitumbua kalipa nusu, nusu vitumbua. Mwalimu kasema yake aandikiwe, atalipa mwisho wa mwezi.

"Zamani ningekuandikia," Fundi kamjibu, na mkono kaunyoosha. "Siku hizi unajua mbio. Vua."