Samaki wa Chumbani kwa Bibi



Tangu miguu ya mama yangu ilipokataa kumchukua, ulimwengu wake umekuwa chumba kimoja hapa Ibra. Watoto huondoka mapema kwenda skuli, nasi wakubwa huenda makazini, naye kutoka asubuhi hadi baada ya adhuhuri hubaki na msichana wa kazi ambaye husikilizana naye kwa ishara zaidi kuliko kwa maneno. Redio imemchosha, na televisheni asema inampigia makelele. Basi tukashauriana tumwekee tangi dogo la kioo lenye samaki, mkabala wa kitanda chake. Kununua tangi kulichukua nusu saa. Kuchagua samaki kulituchukua karibu miezi miwili, na hayo ndiyo nitakayo kuwaelezea, kwani najua huko mliko nanyi mnao wazee wa namna hii.

Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Kwa hesabu ni lita 54, lakini ukishatia changarawe na kuacha nafasi juu, maji hayafiki 50. Watoto walitaka samaki wa dhahabu, wale wa rangi ya chungwa wauzwao wakiwa wadogo kama kidole. Kidole hicho, kikitunzwa vyema, hukua kikapita sentimita 20, na uchafu wake ni mwingi. Haki yake ni hodhi la uani. Muuzaji mmoja alituambia tuweke kumi na wawili, na wakifa turudi kununua wengine. Sikupendezwa na maneno hayo. Kiumbe uliyemfungia ndani ya kioo hana pa kwenda kutafuta riziki yake, na sote tulisomeshwa chuoni kisa cha yule mwanamke na paka aliyemfungia.

Kaka yangu aliyeko Sur, ambaye huiona bahari kila siku, alishauri samaki wa matumbawe, kwa hoja kwamba mama amekulia pwani na atawatambua. Hoja ni nzuri. Lakini maji ya bahari katika tangi dogo ni kazi ya fundi: maji huwa mvuke yakapungua, chumvi husalia, na kwa lita chache kama hizi ukali wake hubadilika upesi. Isitoshe, wengi wa samaki hao huvuliwa baharini, hawakuzaliwa tangini.

Mwanangu wa pili akaja na rai isiyo na gharama: tukavue wale samaki wadogo wa rangi ya udongo, waitwao hapa sadd, wanaotudonoa miguu tukienda Wadi Bani Khalid. Nilimkatalia. Hao wamezoea maji yapitayo na hula ukoga wa mawe; na maji ya wadi na falaj, ijapokuwa yana zamu na wenyewe, sidhani kama kuna mwenye zamu ya samaki. Nikamwambia kwamba upande wa Dakhiliyah, ndani ya pango la Al Hoota karibu na Al Hamra, wako jamaa zao vipofu, waliopoteza macho kwa kuishi gizani vizazi na vizazi. Nimemwahidi kumpeleka akawaone huko huko walipo.

Ndipo tukageukia maji, jambo ambalo wengi hulisahau. Nyumbani twatumia maji ya kisima, na birika letu la chai hushika ukoko mweupe kila baada ya siku chache. Hiyo ni dalili ya chokaa, yaani maji magumu. Kwa hiyo neoni, samaki wazuri wenye mstari wa samawati ung'aao, hawatufai, maana asili yao ni mito ya Amazon yenye maji laini na uchachu kidogo. Kinyume chao ni samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji magumu ndiyo yao. Yuko mmoja mdogo, jamaa wa perege, wataalamu humwita Neolamprologus multifasciatus, ambaye dume lake ni la sentimita 4 au 5 tu. Huyu hufanya makazi ndani ya magamba matupu ya konokono, huchimba mchanga kwa mdomo, na hugombea mpaka wake kama mwenye shamba. Ukiwa na watoto wenye macho makali na subira, mchague huyo wala usitafute mwingine. Lakini rangi yake ni milia ya kijivu, na haondoki chini. Mama, ambaye ana mtoto wa jicho, angeona mchanga na magamba tu.

Kisha yuko wa Unguja. Wengi wetu hatujui kwamba kisiwa kile kina samaki wake wa maji matamu, Nothobranchius guentheri, aliyepewa jina hilo mwaka 1893. Huishi kwenye vidimbwi vya mvua. Vidimbwi vikikauka, wakubwa wote hufa, na mayai hubaki hai ndani ya tope yakingojea mvua nyingine. Dume ana mkia mwekundu na mwili wa kijani kilichochanganyika na samawati, na wafugaji wa Ulaya hutumiana mayai yake kwa posta ndani ya udongo wenye unyevu. Nilipomweleza mama, uso wake uliangaza. Kisha akauliza, "Wanaishi muda gani?"

"Mwaka, mama. Au zaidi kidogo."

Akanyamaza. "Basi usiniletee. Wa kwetu nimeshawazika wengi."

Sikumjadili.

Tulichochagua mwishowe ni gapi, samaki wa kawaida kabisa, ambao wajuzi huwadharau. Asili yao ni Trinidad na kaskazini ya Amerika ya Kusini. Maji magumu hayawadhuru, dume ni la sentimita 3 hivi, huogelea juu na katikati ambapo jicho dhaifu huwafikia, na hawajifichi. Tumechukua madume tu, sita, wekundu wote. Jike huzaa wengi karibu kila mwezi, na aweza kuendelea kuzaa kwa miezi baada ya kutenganishwa na dume. Nao hawaishi sana, miaka miwili au mitatu, lakini mama hakuuliza, nami sikusema.

Tangi lilikaa wiki sita na kichujio chake likilishwa chembe za chakula bila samaki, mpaka vile viumbe visivyoonekana, vigeuzavyo sumu ya uchafu kuwa kitu chepesi, vikaota. Kisha tukatia watatu, na baada ya wiki mbili watatu wengine. Ninyi wa nchi za baridi mtahitaji hita. Sisi taabu yetu ni joto: mwezi wa Julai maji ya tangi la juu ya paa hutoka bombani yakiwa ya kuoshea vyombo vya mafuta, kwa hiyo huyateka usiku kwa ndoo na kuyaacha chumbani yapoe hadi asubuhi. Kwenye maji ya serikali ongezeni dawa ya kuondoa klorini.

Lililobaki ni chakula. Mama amelelewa katika nyumba ambayo mgeni hapimiwi, na kulisha samaki kwa chembe anaona ni ubahili. Chakula kisicholiwa huoza na kuharibu maji yote, kwa hiyo nimemjazia kile kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba, chumba kimoja kwa kila siku. Cha samaki ni cha kijani na cha dawa zake ni cheupe, na msichana wa kazi huviweka mbalimbali. Siku za mwanzo alinung'unika. Sasa hufungua mwenyewe saa nne asubuhi. Juzi nilipotoka kazini alinishitakia kwamba yule mwenye mkia uliochanika anawanyima wenzake, na anataka nimtafutie mahali pake pa kulia.