Barua ya Houston: Poti, Mkanda wa Gari na Sambusa za Hillcroft

Wifi yangu mpenzi,

Kwanza nikutoe wasiwasi: huku Texas dada hajambo, anakula, anacheka, na ananigombeza kwa jinsi ninavyobamiza mlango wa gari. Jana tulikwenda Houston kupata ushauri wa pili juu ya kemo, hasa lile swali linalomnyima usingizi tangu wiki iliyopita: hizo dawa ziingilie wapi mwilini?

Tulitoka Euless gizagiza. Ni mji mdogo ulio katikati ya Dallas na Fort Worth, ndege za uwanja wa DFW zinapita juu ya paa utadhani zinatafuta pa kutua jikoni. Kutoka hapo mpaka Houston ni karibu kilomita 400, barabara namba 45, imenyooka mpaka inachosha. Shemeji ndiye aliyeendesha; mimi nililala. Nilipoamka tuko Madisonville, kwenye kituo cha mafuta kinachoitwa Buc-ee's, na wifi, nisikudanganye, sijaona kitu kama kile. Pampu hazina mwisho, vyoo vinang'aa kuliko sebule yangu, na kila kitu kimebandikwa picha ya mnyama wa mtoni mwenye meno mawili mbele na kofia nyekundu. Ndani kuna kijana anakata nyama ya kubanika. Kila bonge jipya likifika mezani anapaza sauti duka zima lisikie, na wenzake wanaitikia kama wanadi samaki pale soko la Deep Sea, Tanga. Harufu ilinitoa mate, lakini aliyechinja hatumjui, kwa hiyo tukaishia kununua bisi tamu zenye sukari ya kahawia. Shemeji alimaliza mfuko peke yake huku akisema hazipendi.

Houston jua lake linaivisha. Pale Texas Medical Center ni hospitali juu ya hospitali, mji mzima wa wagonjwa na madaktari, na treni inapita katikati. Nauli dola moja na senti 25. Tungepanda hiyo treni tungefanya la maana, maana kwenye jengo la maegesho shemeji alizunguka ghorofa hadi ghorofa, tukatokea juu kabisa kwenye jua, tukateremka tena. Dada akawa anasoma dua kwa sauti.

Tulikuwa tunakwenda MD Anderson. Kibao chao kina jina la ugonjwa wenyewe, "cancer", limekatwa kwa mstari mwekundu kama mwalimu anavyokata jibu baya. Dada alisimama akalitazama, akasema, "Haya, hawa wameanza vizuri." Kati ya jengo kuu na lile la Mays, ambako iko kliniki ya matiti, kuna daraja refu la ndani, na wagonjwa wanapitishwa kwa vigari vidogo vya umeme. Tulipanda. Dada akawapungia watu mkono kama mke wa rais.

Nesi aliyetupokea ni mama wa makamo, mpole. Akatutandikia vifaa mezani tuvishike. Cha kwanza ni PICC, mrija mwembamba kama tambi, unaingizwa kwenye mshipa wa mkono, juu ya kiwiko, ukasukumwa mpaka karibu na moyo. Hakuna chumba cha upasuaji; nesi anautia huku akiuangalia mshipa kwa mashine ya ultrasaundi. Lakini mkia wake unabaki nje, umebandikwa plasta, na kila wiki lazima usafishwe na plasta ibadilishwe. Usilowe. Dada akauliza swali ambalo nadhani yule nesi hajawahi kuulizwa: "Na udhu?" Nikaeleza, kwa Kiingereza changu hiki, mara tano kwa siku, maji mpaka viwikoni. Akafikiri, akasema itabidi kuufunga mkono kwa plastiki kila mara. Dada akanitazama tu.

Cha pili ni poti. Kidude cha pembe tatu, chepesi, kina vinundu vitatu juu na katikati pana mpira laini wa kuchomea sindano. Kinafukiwa chini ya ngozi ya kifua, chini kidogo ya mtulinga, kwa upasuaji mdogo wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kidonda kikipona unaoga, unaogelea. Siku ya kemo unapaka krimu ya ganzi mapema, ndipo sindano inaingia. Ubaya wake ni kovu, na kukitoa ni kisu tena. Nesi akasema utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2021, wa wagonjwa 1,061, ulikuta matatizo kwa asilimia 32 ya wenye poti na asilimia 47 ya wenye PICC waliolinganishwa nao. Na mshipa mkubwa ni muhimu, kwa sababu moja ya dawa zake ni ile nyekundu, ambayo ikivujia nje ya mshipa inaunguza nyama.

Nikajua tumemaliza. Kumbe bado. Titi lenye ugonjwa ni la kulia, kwa hiyo poti itakaa kushoto. Huku usukani uko kushoto, na mkanda wa dereva unashuka kutoka bega la kushoto, juu ya kidude palepale! Kule Tanga angeendesha bila neno, mkanda ungepita kulia. Nesi akatoa kimto kidogo cha kufunga kwenye mkanda, kinashonwa na akina mama wa kujitolea, bure. Kina maua. Basi dada akachagua poti, nami nasema kachagua vyema. Watamwekea Fort Worth wiki ijayo.

Jioni tukapita mtaa wa Hillcroft, kwa Wahindi. Sambusa mbili dola tatu, chai ya maziwa yenye iliki, na muuzaji akatuongezea chatne alipotusikia tunabishana Kiswahili. Babu yake alikuwa na duka Mombasa.

Sasa nakutuma. Siku za kemo anahitaji blauzi za vifungo mbele, nesi afungue viwili tu bila kumvua. Mpelekee fundi kitenge, vipimo vyake anavyo, ashone nne. Rangi yoyote isipokuwa njano, unamjua mwenyewe.

Wako, wifi yako.