Chapati za maji zenye afya zaanzia Gakoromone

UKITAKA kujua watu wa mahali fulani hula nini, usianzie hotelini. Anzia sokoni. Na katika mji wa Meru, soko lenyewe ni Gakoromone.

Meru iko yapata kilomita 225 kutoka Nairobi kwa njia ya Embu. Magari ya kwenda huko hupakia abiria pale Tea Room, katikati ya jiji, na safari huchukua saa nne au tano kutegemea msongamano wa magari na tabia ya dereva. Ukishaipita Thika na mashamba ya mpunga ya Mwea, barabara hupanda hadi Embu, kisha huanza kujipinda kama nyoka ikivuka mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya: Thuci, Nithi, Mutonga.

Hapo Nithi msafiri hana budi kuwa macho. Daraja hilo limeangamiza watu wengi kwa miaka mingi, na mnamo Julai 2022 basi lililotoka Meru lilitumbukia bondeni na kuua zaidi ya watu 30. Abiria anayemwambia dereva apunguze mwendo hajamkosea mtu adabu.

Kati ya Nkubu na mjini, gari hukata mstari wa Ikweta. Lakini usidhani utakaribishwa na joto. Meru iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi sweta si mzigo.

Soko la mlima na nyika

Kinachoipa Gakoromone sifa ni jinsi ardhi ya Meru ilivyoumbwa. Kileleni Mlima Kenya una mita 5,199. Kutoka huko nchi inateremka ngazi kwa ngazi hadi nyika kavu za Tharaka, na kila ngazi ina zao lake. Viazi hutoka kwenye baridi ya Kibirichia. Ngano na shayiri hutoka Timau. Chai na kahawa zi katika miteremko ya Imenti, pamoja na ndizi zilizoipa Meru jina hadi Nairobi. Chini, ambako mvua ni ya kubahatisha, kuna mtama, mawele, kunde na ndengu.

Vyote hivyo hukutana Gakoromone. Mikungu ya ndizi hulazwa chini mingine ikiwa mibichi, mingine imeanza kupiga manjano. Wauza nafaka nao hukunja midomo ya magunia yao ili mnunuzi aone kilichomo, na juu ya kila gunia hukaa gorogoro, ule mkebe ambao kwa Mkenya wa kawaida ndio mizani.

Ukifika, salimu kwanza. Neno "Muuga", salamu ya Kimeru, hufungua milango ambayo pesa pekee hazifungui. Kisha uulize bei bila haraka, uzunguke, na urudi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, Gakoromone kizuri pia hupigiwa kelele, kwa hivyo tumia macho yako kuliko masikio.

Oti na wimbi

Siku hizi familia nyingi za mjini zimeanza kupika chapati za maji kwa unga wa oti badala ya unga mweupe wa ngano. Wengine wameshauriwa na daktari kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu. Wengine wamechoka kuona watoto wakienda shule na mkate mweupe na chai, halafu njaa inawauma kabla ya saa nne.

Wana haki. Oti ina aina ya uzi laini uitwao betaglukani, ambao ukiingia tumboni huwa kama utelezi, hupunguza mwendo wa sukari kuingia katika damu na husaidia kushusha lehemu. Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu, na mwaka wa 1997 serikali ya Marekani iliwaruhusu watengenezaji wa oti kulitaja katika pakiti zao, mradi mlaji apate gramu 3 za uzi huo kwa siku.

Shida ni mfuko. Oti huuzwa dukani katika pakiti maridadi, na familia ya watu sita huimaliza pakiti ndogo kwa siku mbili. Matokeo yake ni kwamba mama hununua mwezi huu, mwezi ujao anarudi kwenye unga mweupe, na nyumba nzima inaanza kuamini kwamba chakula chenye afya ni cha matajiri.

Imani hiyo ndiyo inayofaa kuachwa Gakoromone. Kwa maana hatua chache kutoka kwa muuza ndizi pana gunia la wimbi, nafaka ndogo ya rangi ya udongo mwekundu ambayo Watanzania huiita ulezi. Mmea huu ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia. Ulilimwa huku maelfu ya miaka iliyopita kabla ya kuvuka bahari hadi India, ambako hadi leo ni chakula cha mamilioni. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka wa 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya wimbi na mawele, ili dunia ikumbuke kilichosahauliwa.

Gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 340 za kalisi, madini yanayojenga mifupa na meno. Maziwa ya uzito huohuo yana kama 120. Hii haina maana kwamba mtoto aachishwe maziwa, kwa kuwa kalisi ya maziwa huingia mwilini kwa urahisi zaidi. Maana yake ni kwamba viwili hivi vikikutana katika bakuli moja, mtoto amefaidika. Zaidi ya hayo, wimbi husagwa pamoja na ganda lake, kwa hivyo nyuzinyuzi hazipotei kama zinavyopotea katika unga wa ngano uliokobolewa.

Kuna na jambo la uchumi. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Kenya hununuliwa ng'ambo. Vita vilipozuka kati ya Urusi na Ukraine mwaka wa 2022, bei ya chapati ilipanda hadi vijijini. Wimbi mwingi uuzwao nchini hutoka magharibi mwa Kenya, Uganda na Tanzania, na wakulima wa pande zetu hizi pia huulima. Mnunuzi akizidi, mkulima hupata sababu ya kuupanda.

Jinsi ya kuchagua

Chota wimbi kiganjani na uusugue. Ukiacha vumbi jingi na makapi, utalipia uchafu. Unuse. Nafaka njema hainuki chochote cha ajabu, lakini iliyolowa hunuka uvundo hata ikianikwa upya. Tafuna punje chache. Zikisagika kwa mlio, zimekauka. Zikinata, ziache.

Ukavu si jambo la mzaha. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa Ukambani na maeneo ya karibu baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Wimbi una bahati ya kuhifadhika vizuri kuliko mahindi, na wadudu hawaupendi sana, lakini unyevu hauna rafiki.

Chungulia na ndani ya gorogoro kabla haijajazwa. Ya haki huchukua yapata kilo mbili. Iliyobonyezwa chini kwa nyundo huiba kiganja kizima kila inapopimwa, na haba na haba hiyo hujaza kibaba cha mwingine.

Ili ulinganishe bei na oti, fanya hesabu rahisi. Gawa bei ya gorogoro kwa mbili upate bei ya kilo moja ya wimbi. Kisha chukua bei ya pakiti ya oti ya gramu 500 uizidishe kwa mbili. Ukishaziweka namba hizo mbili pamoja, hutahitaji kushawishiwa na mtu.

Nyumbani, pepeta wimbi kwa ungo, uuoshe kwa maji mengi huku mchanga ukizama chini, kisha uuanike juani kwenye kitambaa safi hadi ukauke kabisa. Peleka kwenye mashine ya posho na uombe usagwe mara mbili, kwa kuwa unga laini ndio utoao chapati laini. Saga wa kutosha mwezi mmoja tu, kwani unga ukikaa sana huingia uchungu.

Mapishi yenyewe

Chapati hizi huchanganya oti na wimbi, ili pakiti moja ya oti ifanye kazi ya mbili. Zinatosha watu watano.

Utahitaji kikombe kimoja cha unga wa oti, kikombe kimoja cha unga wa wimbi, mayai mawili, ndizi mbili zilizoiva hadi ganda likaanza madoa meusi, maziwa kikombe kimoja na nusu, chumvi kidogo, mdalasini ukipenda, na mafuta kidogo ya kupaka kikaango.

Unga wa oti si lazima ununuliwe ukiwa unga. Chukua oti ya kawaida ya kupikia uji, uisage katika blenda hadi iwe laini. Asiye na blenda aitwange kwenye kinu na kuichekecha.

Ponda ndizi kwa uma katika bakuli hadi zisiwe na madonge. Vunja mayai humo, tia maziwa, koroga. Changanya unga wa aina zote mbili pamoja na chumvi na mdalasini, kisha uumimine kidogo kidogo huku ukikoroga. Sukari usitie. Ndizi ya Meru iliyoiva barabara imeshafanya kazi hiyo.

Sasa acha rojo litulie kwa dakika 15. Wengi huruka hatua hii, halafu hulalamika kwamba chapati zimekuwa na mchanga mdomoni. Oti na wimbi hunywa maji polepole. Ukirudi utakuta rojo limekuwa zito. Ongeza maziwa au maji hadi litiririke kutoka kwenye upawa bila kukatika.

Washa moto wa kadiri. Paka kikaango mafuta kwa kitambaa au kipande cha kitunguu. Mimina nusu upawa, ukubwa wa kisahani cha chai, wala usizidishe. Unga huu hauna ile nguvu ya kunata iliyo katika ngano, kwa hivyo chapati kubwa huvunjika. Ngoja hadi kingo zikauke na vitundu vidogo vitokee juu, ndipo ugeuze. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi.

Ikiwa oti imekwisha, tumia vikombe moja na nusu vya wimbi na nusu kikombe cha unga wa atta. Ni chapati nyekundu kidogo, na watoto wakishaizoea huuliza kwa nini ile nyingine haina ladha.

Mambo ya kuangalia

Wimbi una viungo vya asili vinavyozuia mwili usichukue madini ya chuma vizuri, na chai huongeza kizuizi hicho. Najua ni vigumu kumwambia Mmeru, ambaye chai inachumwa karibu na mlango wake, aahirishe kikombe cha asubuhi. Lakini kwa mama mjamzito na kwa mtoto mwenye upungufu wa damu, ni heri chai ingoje saa moja baada ya kula. Mahali pake weka chungwa au kipande cha papai, ambavyo husaidia chuma kuingia mwilini.

Mgonjwa wa kisukari asidhani kwamba chapati hizi ni dawa. Bado ni wanga. Ale mbili pamoja na yai au maharagwe na mboga, asizimiminie asali, wala asiache dawa aliyoandikiwa. Naye mtu ambaye tumbo lake halipatani na ngano aaache ile atta, na aangalie kwamba oti aliyonunua imeandikwa haina mchanganyiko wa ngano. Aulize pia mashine ya posho imesaga nini kabla ya zamu yake.

Jambo la mwisho ni unga wa uji wa watoto unaouzwa ukiwa umechanganywa nafaka kumi, njugu, soya na omena. Wataalamu wa lishe huonya kwamba vitu hivyo haviivi kwa muda mmoja, na kimoja kikiwa na kuvu, kimeharibu vyote. Nunua nafaka moja au mbili uzijuazo, usage mwenyewe.

Ukishamaliza ununuzi na gari lako bado halijajaa, tembea hadi Makavazi ya Meru, katika jengo la mawe la mwaka wa 1916 lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni na ambalo lilifunguliwa kuwa makavazi mwaka wa 1974. Watoto wataona jinsi Wameru wa kale walivyoishi, na mimea waliyoitumia kwa chakula na tiba.

Kisha rudini nyumbani na gorogoro mbili za wimbi na mkungu mmoja wa ndizi. Mzigo huo utawalisha asubuhi nyingi kuliko pakiti yoyote, na mtoto aliyeuchagua mwenyewe sokoni hatakataa kuula. Mwacha mila ni mtumwa, lakini anayechukua jema la wageni akalitia katika chungu cha nyanya yake, huyo hajaacha kitu.