Amri Imetoka, Feni Inazunguka

Utoto wa fundi huyu hauna mengi. Alizaliwa Tanga enzi mkonge ulipokuwa bado unalisha watu, akamaliza shule, akasomea ufundi umeme Dar es Salaam, na kwa miaka ya mwanzo akavuta waya za majumbani, taa na soketi, kama vijana wengine wengi wa rika lake. Maisha yake ya kazi, anavyoyahesabu mwenyewe, yalianza alipopokelewa na mzee mmoja wa Unguja aliyekuwa amerudi kutoka Maskati.

Mzee huyo alivuka kwenda Omani miaka ya sabini, wakati serikali ya Sultan Qaboos ilipokuwa ikijenga hospitali, hoteli na wizara kwa kasi. Huko ndiko alikojifunza mifumo ya kutambua moto. Aliporudi, maghorofa ya Dar yalikuwa yanaanza kupanda na mafundi wa kazi hiyo walikuwa wachache mno. Alikuwa mkali, mtu wa kanzu siku ya Ijumaa na ovaroli siku nyingine zote, na hakuwa na subira na fundi aliyekaza skrubu bila kuvuta waya kuona kama umeshika. Sasa ni marehemu, na kwa kuwa wanaomkumbuka wengi humkumbuka kwa ukali tu, fundi ameona aandike kile walichokuwa wakigombania.

Mtu akisikia mfumo wa kengele za moto, hufikiria kengele. Kengele ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye yale ambayo jengo linatakiwa kujifanyia lenyewe moshi ukionekana: feni za hewa zisimame, milango ya korido ijifunge, lifti ishuke na kukaa chini. Tarehe 21 Novemba 1980 hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, iliungua ghorofa ya chini, watu 85 wakafa, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu ambako moto haukufika kabisa. Waliuawa na moshi, uliopanda kwa ngazi na mashimo ya lifti, na kwa mitambo ya hewa iliyoendelea kuusambaza. Katika uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Aprili 1996, walikufa watu 17. Baadhi yao walikuwa ndani ya lifti zilizowafungulia mlango kwenye ghorofa iliyojaa moshi. Mzee aliisimulia mikasa hii miwili kwa kila mwanafunzi mpya, kabla hajamkabidhi bisibisi.

Kati ya paneli ya kengele za moto, inayotoa amri, na feni kuna kiboksi cha plastiki kinachoenea kiganjani: moduli ya rilei. Huunganishwa kwenye lupu, ile jozi ya nyaya inayotoka kwenye paneli, ikazunguka jengo na kurudi. Ina anwani yake, na ndani yake mna swichi yenye sehemu tatu za kufungia waya: C, NO na NC. Paneli ikiiita, swichi huhama kutoka NC kwenda NO. Basi. Fundi amemalizia umri wake ndani ya hiyo “basi”.

Njia ya haraka, wanayoipenda wengi, ni kupitisha waya wa koili ya kontakta, ile swichi kubwa inayolisha feni umeme, moja kwa moja kwenye C na NC. Moto ukitokea, NC inaachia, koili inakosa umeme, feni inasimama. Mzee aliikataa. Moduli nyingi za lupu hubeba umeme mdogo, mathalani ampea 2 kwa volti 30 za DC, na ukiziingizia volti 230 unazialika ncha za swichi zigandane. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa hili: lupu ikikatwa huku na huku na mafundi wa dari, au paneli ikifa, NC inabaki imefunga na feni inaendelea kuzunguka, na hakuna amri itakayoifikia tena.

Yeye aliweka rilei ya pili, ya volti 24, pembeni kabisa ya kontakta. Umeme wa volti 24 kutoka kwenye paneli ulipita kwenye NC ya moduli na kuishikilia rilei hiyo usiku na mchana. Feni ilizunguka kwa sababu tu rilei imeshikwa. Moto ukija, inaachia; waya wake ukikatika, inaachia; umeme wa paneli ukiisha, inaachia. Kiwango cha Marekani, NFPA 72, kinataka rilei inayotoa amri iwe ndani ya futi 3 za kifaa inachokiamuru, na mzee hakukubali hata inchi moja zaidi. Kwenye koili alifunga dayodi ya 1N4007, mstari wake ukielekea upande wa chanya, kwa sababu koili ya DC ikikatiwa umeme hurusha volti kubwa kinyume, na cheche zake hula ncha za moduli taratibu.

Wenye majengo hawakuipenda. Wakati wa mgao wa umeme wa 2006, na tena 2011, sumaku zinazoshikilia milango wazi, zilizofungwa kwa mtindo huo, ziliachia kila umeme ulipokatika. Milango ya korido ikajibamiza, na wahudumu wa hoteli wakachonga vipande vya mbao vya kuizuia. Feni nazo zilisimama kila fundi wa dari alipojeruhi waya, na ghorofa nzima ikatoka jasho.

Katika jengo moja katikati ya mji, ambalo halitatajwa, mhandisi msimamizi aliagiza kontakta zote zipigwe jampa, yaani waya wa kuiruka rilei, siku moja kabla ya makabidhiano. Alikuwa na shahada, na viatu visivyojua vumbi. Alisema ni kwa muda tu, mpaka wapangaji watulie. Mzee alikataa kusaini hati ya kukabidhi, malipo ya mwisho yakaishia hapo, na mkandarasi mwingine akaja kusaini. Miaka baadaye fundi aliitwa kulifanyia jengo lile huduma. Alipuliza moshi wa majaribio. Paneli ikaandika kwamba rilei imefanya kazi. Feni ikaendelea kupuliza. Ndani ya boksi la kontakta jampa ilikuwa palepale, imeshika vumbi. Aliitoa, akaandika ripoti. Ripoti haikujibiwa.

Ndiyo maana damu humchemka anapowaona vijana wakikagua jengo kwa laptopu. Jedwali la programu liko sawa, kila anwani ina jina, skrini imejaa kijani, na wameridhika. Paneli inajua kwamba imeamuru; haijui kama imetiiwa, isipokuwa umeweka moduli nyingine ya kupokea taarifa kutoka kwenye swichi ya mkondo wa hewa. Pandeni juu, anawaambia. Wekeni mkono kwenye tundu la hewa. Fungueni boksi, mwangalie rangi ya waya. Anayeona uvivu kupanda ngazi akauze simu.

Kuna kijana mmoja asiyetishwa na maneno hayo. Alipitia mikononi mwa mzee huyohuyo, sasa ana kampuni yake, na hoja yake ni ya hesabu. Rilei ya volti 24 hula takriban miliampea 40. Ukishikilia rilei 10, ni miliampea 400. Kwa saa 24 ambazo viwango vingi vinataka betri idumu, hizo ni ampea-saa 9.6, na betri za ampea-saa 7 zinazojaa kwenye paneli za hapa hazifiki. Fundi anaikubali hesabu. Jibu lake ni betri kubwa na chaja yake pembeni. Milango yenyewe haihitaji betri, kwa kuwa umeme ukikatika ndivyo inavyotakiwa kujifunga. Kijana anasema mteja hatalipia.

Mara ya mwisho walibishana Mikocheni, kwenye jengo ambalo kijana amelifunga kwa njia yake: moduli inayochunguza waya wake kwa rezista ya mwisho wa laini, na swichi ya hewa inayorudisha taarifa. Fundi aliomba achomoe waya mmoja. Paneli ikalia na kuandika hitilafu. Feni ikaendelea kuzunguka.

“Si umeona, Mzee? Imeripoti.”

“Imeripoti kwa nani, saa nane za usiku?”

Wakamwita mlinzi. Alieleza kwa adabu kwamba ikilia huwa anabonyeza kitufe cha kuinyamazisha, kama alivyoelekezwa. Kijana akasema hilo ni tatizo la mafunzo ya walinzi, si la waya, na ubishi ukaanza upya.